Nimefunga Video

Malaba, Jumanne

Nimemdanganya Mama Amoit tena. Nilimwandikia kwa simu kwamba mtandao unasumbua, kumbe ni mimi niliyefunga video kwa wateja wangu wengine wote wa WiFi hapa mtaani, ili gesti ya barabarani ipate spidi. Mwenye gesti aliniambia, "Boss, wageni wangu wakikosa mpira, natafuta mtu mwingine." Nikaogopa.

Nilijiambia video ni za kuchekesha watu tu, wacha waandikiane meseji. Lakini Mama Amoit ni kiziwi. Yeye na binti yake aliye Nairobi huongea kwa mikono, kwa video. Na Amoit anakaribia kujifungua. Hilo nalijua.

Jioni amekuja na ndizi mbivu. Akaelekeza kidole kwenye antena ya WiFi juu ya paa langu, akaigiza mtu akipanda ngazi, akajipangusa jasho, halafu akaweka mkono kifuani kunishukuru. Anadhani kila siku nahangaika huko juu kwa ajili yake.

Ningefungua palepale, ni kubonyeza tu. Lakini mpira ulikuwa umeanza.

Nikapokea ndizi kwa mikono miwili.