Kiti cha Mkunga na Saa ya Jikoni

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimeshapona nusu, na naomba msaada wako kwa nusu iliyobaki, kwa sababu jambo lililoninyima raha kwa wiki tatu limeondoka lenyewe bila mimi kufanya lolote, na sasa sijui kama niliache liende zake au nilirudishe kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu, nina miaka sitini na tisa, nina mke na watoto wawili wakubwa, na ni muumini wa ushirika mdogo ambao labda baadhi ya wasomaji wako watauona wa ajabu, maana kwetu hakuna anayeulizwa mlangoni anaamini nini; yupo anayesali kwa magoti, yupo asiye na hakika kama kuna anayemsikia, mchungaji wetu ni mama ambaye mahubiri yake huishia kwenye swali badala ya jibu, na sote tunakaa pamoja bila kugombana, au tukigombana, basi ni kuhusu nani amemaliza sukari ya chai.

Ulipokuja ule ugonjwa uliofunga nyumba zote za ibada tulianza kukutana mtandaoni, kila mtu na kidirisha chake kwenye simu, na hapo ndipo tulipogundua kwamba watu ambao hatukuwa tumewaona kwa miaka, wazee wasioweza ngazi, wauguzi wa zamu, vijana waliohamia mbali, wote wamerudi, kwa hiyo hata milango ilipofunguliwa tulikataa kuwapoteza tena. Tukakubaliana: Jumapili ya mwisho ya mwezi tunakutana nje, kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana ya shemeji yangu seremala, kila mtu na kiti alichobeba kutoka kwake, na Jumapili nyingine zote tunakutana mtandaoni. Kupanga viti ni kazi yangu, navipanga duara kwa futi ya utepe, hatua mbili kati ya kiti na kiti, na wananitania kwamba siku nikifa nitaamka kwanza nihakikishe kaburi limenyooka.

Kiti kimoja katika duara hilo hakikaliwi na mtu. Ni cha mkunga mstaafu, mama wa miaka themanini na moja, ambaye sote tunamwita Mkunga, anaishi peke yake ghorofa ya tatu na nyonga yake haimruhusu kushuka, basi mimi huisimamisha simu yangu kwenye kiti chake, nikaifunga na egemeo kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nikampigia kwa video, naye akawa pamoja nasi, anatuona na kutusikia, na sisi tunamsikia yeye. Huyu mama ndiye aliyewapokea watoto wangu wote wawili walipozaliwa, na nusu ya watu wanaokaa kwenye duara lile wamepita mikononi mwake.

Sasa, kiini cha ibada yetu ni kile tunachokiita neno la wiki, yaani kila mmoja kwa zamu anasema wiki yake imempa nini, na kanuni ni moja tu: hakuna kumkatiza mtu wala kumjibu, tunasikiliza mpaka anyamaze mwenyewe. Wengi husema dakika mbili, tatu. Mkunga hana dakika tatu, mshauri. Mkunga anaanza na bomba la maji, anapita kwa jirani wa chini, anafika kwa njiwa waliojenga kiota dirishani kwake, anarudi kwenye bomba, na Jumapili ile ya mwisho wa mwezi, jua likiwa kali na mke wangu akiwa amenipiga jicho mara mbili kwamba wageni wanatusubiri nyumbani, alisema kwa dakika kumi na nne, najua kwa sababu nilitazama saa.

Ibada ilipokwisha nikabaki na shemeji tukikunja viti, na mdomo wangu ukatangulia akili.

"Leo Mkunga katuzalisha sote upya," nikasema. "Na uchungu ulikuwa wa dakika kumi na nne, nimepima."

"Shemeji, usiondoke kwanza," akasema seremala, "kondo la nyuma bado!"

Tukacheka mpaka akakaa chini. Mimi nami, kwa kuwa nimeona utani umekubali, nikaongeza: "Mwezi ujao nasema mtandao umesumbua. Namzima, basi. Nani atajua?"

"Mzee mzima unataka kumzima mkunga wako?"

"Kwa upendo," nikamwambia. "Kwa upendo kabisa."

Kisha nikageuka kuchukua kiti cha mwisho, na kiti cha mwisho kilikuwa chake, na simu yangu bado imefungwa pale kwa mpira, na kile kidude chekundu cha kukata sikuwa nimekibonyeza. Saa ya simu ilikuwa inaendelea kuhesabu. Kwenye kioo niliona dari ya chumba chake na ncha ya pazia, uso wake sikuuona, sauti yake sikuisikia, nikabonyeza bila hata kusema kwaheri.

Jumapili iliyofuata kidirisha chake hakikuwapo. Ya pili hakikuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa na desturi ya kumpigia kila Jumatatu kumuuliza hali, na sikumpigia, nilikuwa naishika simu naiweka, naishika naiweka, mke wangu akaniuliza kama inachoma. Niliona nimemfukuza kwenye ushirika mtu aliyewaleta watoto wangu duniani, na kila mchungaji alipouliza "Nani ana habari za Mkunga?" mimi nilikuwa nachunguza kucha zangu.

Jumapili ya tatu, mshauri, kidirisha kikafunguka na yeye huyo, ana bandeji juu ya jicho moja, anacheka. "Safari hii nimezalishwa mimi," akasema. "Mtoto wa jicho. Mpwa wangu alinibeba ngazi zote akanipeleka, nikakaa kwake mpaka jana." Nilihisi kama mtu aliyetua gunia la saruji, nilizima kamera yangu nikaenda jikoni kunawa uso. Kumbe alikuwa hospitali! Kumbe hakusikia kitu!

Na tangu siku hiyo amekuwa mchangamfu kupita zamani, tena amejipatia mtindo mpya unaowafurahisha wote: anaweka mezani ile saa ndogo ya jikoni ya kuchemshia mayai, anaizungusha dakika tatu, na ikilia ananyamaza papo hapo, hata awe katikati ya neno. Jumapili iliyopita ya uwanjani alikuwa anatueleza kwamba njiwa wa dirishani wametaga mayai mawili, na jana asubuhi yai moja limeonyesha ufa, "basi nikasogeza kiti, nika..." na saa ikalia kriii, naye akasema, "Zamu yangu imekwisha, asanteni," na watu wakampigia makofi. Nilipokuwa naifungua simu kwenye kiti chake akaniambia kwa upole kabisa, "Asante, Mpima. Leo mtandao haujasumbua hata kidogo." Angekuwa amesikia yale maneno angenishukuru hivyo?

Mke wangu anasema ninyamaze, hakusikia, nikimwambia nitamuumiza bure. Shemeji anasema, "Umepona, shukuru, kunja viti." Na kamati imependezwa sana na ile saa hivi kwamba wameniomba mimi, mtu wa vipimo, niandike kanuni ya dakika tatu kwa kila mmoja. Karatasi iko hapa mezani, nimeandika kichwa tu, na kila nikitaka kuendelea kalamu inakataa. Naomba uniambie, nimwambie ukweli au niuache? Ni mimi, Mpima Mstaafu.

*

Kaka yangu Mpima,

Umepima mashamba ya watu maisha yako yote, na hatua mbili kati ya kiti na kiti hazikupiti, lakini barua yako mwenyewe umeipima vibaya. Hebu tuisome pamoja, polepole.

Huyu mama kwa miaka yote hiyo amesema bila saa. Hakuna aliyemlalamikia, kanuni yenu haina dakika. Halafu uwanjani, mbele ya simu iliyo wazi, wewe unataja dakika kumi na nne. Wiki tatu baadaye anarudi na saa mezani. Wewe unasema utadai mtandao umesumbua. Yeye, siku ya kwanza kurudi uwanjani kwenye kiti chake, anakushukuru kwamba mtandao haujasumbua hata kidogo.

Amesikia, kaka. Amesikia yote, mpaka kondo la nyuma.

Najua umeshtuka. Kaa chini, kunywa maji, usikimbilie kuhuzunika, kwa maana habari hii ni njema kuliko ile uliyokuwa nayo. Ulifurahi ukidhani amerudi kwa sababu hajui. Ukweli ni kwamba amerudi na huku anajua. Amekaa na maneno yako, jicho moja likiwa limefungwa, akayapima kwa kipimo chake, akaona bado anakutakeni. Angeweza kumwambia mchungaji. Angeweza kutaka mtu mwingine ampangie kiti. Hakufanya hivyo. Alinunua nafasi yake kwa dakika tatu, akakuchokoza kidogo ili ujue, na wewe, mzee wa watu, ukadhani ni salamu. Mtu anayekuchokoza hivyo hajakufukuza moyoni, anakungoja.

Sasa acha nikugombeze kidogo, halafu tutaagana.

Utani wako na seremala sina shida nao sana. Mashemeji mkikunja viti mtasema upuuzi, ndivyo mlivyo, na hata yeye Mkunga, kwa mtu anayetania mtoto wake wa jicho, nadhani ule wa kuzalishwa upya ulimchekesha. Hata kuona dakika kumi na nne ni nyingi si kosa. Jua lilikuwa kali, na kumsikiliza mtu ni kazi. Kilichomuuma ni lile la kumzima na kusingizia mtandao. Wewe ndiye macho yake kule uwanjani, ndiye masikio yake. Yeye hawezi kusimama akasema "Jamani, bado nipo." Ana kidude kimoja tu cha kubaki nacho miongoni mwenu, na kidude hicho kiko kwenye kidole chako.

Na bado hilo silo kubwa. Kubwa ni zile Jumatatu. Maneno ya uwanjani yalichukua nusu dakika, lakini kimya chako kilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo mama wa miaka themanini na moja alipasuliwa jicho bila simu yako hata moja. Uliogopa kukuta amekasirika, ukamwacha mgonjwa. Hilo ndilo utakaloanza nalo utakapomwomba radhi.

Mkeo anakupenda na shemeji yako anakupenda, lakini wote wawili wanalinda usingizi wako. Nani analinda dakika kumi na moja alizokatwa Mkunga? Hebu pima na hili, wewe mtu wa vipimo: anaishi peke yake. Ukiondoa ile simu yako ya Jumatatu ya kuuliza hali, mpaka Jumamosi anaongea na nani? Na bomba, na njiwa, na jirani wa chini anapokuwa hana haraka. Maneno ya siku sita yanarundikana, Jumapili yanatoka kwa mkupuo, mnasema ana maneno mengi. Hana mengi kuliko wewe, ila wewe yako unayamwaga kidogo kidogo nyumbani, kwa mkeo, na karakanani.

Basi fanya hivi. Hiyo karatasi ya kamati irudishe na kichwa chake hivyo hivyo, waambie hutaandika kanuni iliyotokana na kosa lako mwenyewe. Si lazima uwaeleze kosa gani, lakini mchungaji mweleze, maana yeye ndiye anayebeba ushirika. Mkitaka baadaye kupunguza muda, zungumzeni waziwazi wote mkiwa mnasikia, na Mkunga akiwa wa kwanza kuulizwa. Kabla ya kukunja kiti chochote, muage kwanza mtu wa kwenye simu, kisha ukate. Na zile simu za Jumatatu zirudishe, tena mara moja moja ugeuze ziwe miguu, uende mwenyewe. Utashangaa Jumapili zake zitakavyofupika bila saa yoyote, kwa sababu atakuja akiwa ameshaongea na mtu.

Lakini kwanza, wiki hii, panda ngazi za ghorofa tatu. Usipige simu, usitume ujumbe, usimtume mkeo na kikapu cha matunda. Gonga mlango. Usimuulize kama alisikia, usimlazimishe kukiri, na usieleze kwamba ulikuwa utani, utani anaufahamu. Sema, "Mkunga, nilisema neno baya nikiwa nimekushika mkononi, halafu nikaogopa, nikakuacha ukipasuliwa jicho bila hata kukupigia. Nisamehe." Usilie, asije akalazimika kukubembeleza wewe.

Kisha muombe kitu kimoja. Alisogeza kiti, yai lilikuwa na ufa, halafu? Ushirika mzima mlipiga makofi, hakuna hata mmoja wenu aliyetaka kujua.

Saa ya jikoni iweke kabatini, ya mkononi mwako ivue. Kaa, sikiliza mpaka anyamaze mwenyewe.