Harusi ya Mchezo ya Mwaka wa Mwisho

Mama yangu Bi Mashavu,

Shikamoo. Goti lako limepoa? Naomba barua hii ikukute mzima, na Mkokotoni nyote salama. Mie kiwiliwili sijambo. Roho ndiyo haijatulia. Nimeandika kwa mkono kwa kuwa simu yako hujibiwa na kila mtu. Na nimeifunga kwa gundi, maana hata Riyama anayekuletea, mwenzangu wa chumba, simwamini siku hizi. Isome kabla ya Ijumaa, kabla ami Simai hajaja kuniposa kwa ajili ya mwanawe Bakar.

Wajua kila mwaka chuoni kwetu wanaokaribia kumaliza hufanya harusi ya mchezo. Maharusi hupigiwa kura, sheikh huwa mwanafunzi mwenye ndevu za pamba anayesoma bei za samaki badala ya khutba, na wali wa kumwozesha bibi harusi ni yeyote mwenye sauti nene. Watu hucheka mpaka mbavu ziwaume. Mwaka huu kura iliniangukia mie, na bwana harusi akawa Mudrik wa Jang'ombe, yule aliyekuja kukutazama ulipolazwa, ukamsifu kwa adabu zake.

Hapo nikaanza kushuku. Nilimuuliza Riyama nani kahesabu kura, akasema ni yeye, kisha akajitia kutafuta kiatu. Kiatu kiko mguuni!

Siku yenyewe nikamwona kaka Kheir. Kheir huyu asiyefunga duka hata kwa msiba wa jirani, kaja na kanzu na joho, ananukia udi. Nilipomuuliza nani kamwalika, akanijibu eti alikuwa anapita tu. Anapita na joho! Mama yake Mudrik naye kakaa mbele anafuta machozi. Lo, nani hulilia mchezo? Na sheikh aliyeingia hakuwa na pamba. Ndevu zilikuwa zake mwenyewe, mvi tupu.

Kisha Kheir akanifuata chumbani nilikopambwa, na watu wazima wawili nyuma yake. Jambo hilo miaka yote hurukwa. Akainama, akanitaja jina langu na la marehemu baba, akaniuliza kama namruhusu aniozeshe kwa Mudrik, mahari msahafu na kitanda. Baadaye nikasikia khutba kupitia mlangoni, imenyooka, haina samaki hata mmoja. 

Tangu hapo nawashuku wote. Kheir hapokei simu zangu. Riyama ananifulia nguo bila kuombwa. Wewe ndiye uliyetufundisha kuwa ndoa haina mzaha, ukiitamka imekuwa, na baba akiwa hayupo wali wangu ni Kheir. Nimewalaumu moyoni kwamba wamenichezea.

Lakini mama, yupo mmoja sijamtaja. Kheir aliponiuliza, mie nilishajua. Ndevu nilikuwa nshaziona. Ningesema hapana, wangecheka na kuondoka, na mchezo ungebaki mchezo. Nikainamisha uso, nikanyamaza. Na kimya cha mwari, mama, unajua mwenyewe ni jibu gani. Bakar simtaki. Mudrik nampenda, na naogopa kukosa radhi yako kuliko ninavyoogopa lolote.

Kheir mkaripie, ila usimfukuze. Nisalimie shangazi na majirani. Ami Simai akija mpe kahawa, umwambie kwa upole kwamba mke wa mtu haposwi.

Ni mie mwanao, ninayengoja radhi yako,
Ummukulthum