Wimbo wa Musafiri Mbele ya Walimu wa Sheria

Papa wangu mupendwa,

Nakusalimia kwa heshima, wewe na Mama. Masikio yanasema nini? Mudogo wangu Riziki aliniambia hata lile la kuume limeanza kuziba, njo maana sikupigii tena simu. Naandika, Riziki akusomee polepole karibu na sikio, asiruke kitu. Na Mama, mugongo unamuacha alale? Mimi ni muzima. Baridi ya Ulaya inanitesa. Kuna ziwa mbele ya madirisha ya darasa letu, safi kabisa, halina harufu ya samaki ndakala wala kelele za watu wa bandarini. Siku ya kwanza nililitazama kidogo, kisha nikageuza kiti changu. Wewe unajua kwa nini.

Siku ya safari uliniuliza, "Mwalimu anafundishwa nini tena?" Gari lilikuwa linangoja, sikukujibu vizuri. Hapa tuko walimu wa sheria wa vyuo vikuu, tumetoka Haiti, Benin, Madagaska, Kambodia, inchi zenye shida kama yetu. Tunajifunza namna ya kufundisha sheria ya mali ya akili, yaani ile inayolinda kitu muntu anachotunga kwa kichwa chake: wimbo, kitabu, chombo kipya, alama ya biashara. Pale kwetu Kalemie hakuna anayeshika kozi hiyo. Wanafunzi wetu wanatoka na diploma bila kuisikia hata saa moja, halafu ndio wanakuwa mahakimu na maavoka wa kututetea mahakamani.

Kila mumoja wetu alipaswa kutoa somo mbele ya wenzake juu ya jambo la kwao. Mimi nilitayarisha somo juu ya vitenge vya bandia. Somo zuri, lisilouma. Zamu yangu ikafika, nikasimama mbele ya ubao, nikafungua mudomo, nikajisikia nasema kitu kingine.

Nikawaambia: "Kwetu kuna muzee mumoja. Alifanya kazi ya reli, na aliongoza kwaya ya parokia. Mutoto wake wa kwanza, mwanaume mwenye muke na watoto, alikuwa anarudi kutoka Moba kwa boti. Boti ikazama. Wengine ziwa liliwarudisha, yeye hapana. Muzee alikaa kwenye muchanga kungoja, na palepale akatunga wimbo. Watu waliuimba kwenye kilio cha yule mutoto, halafu kwenye vilio vya wengine, ukafika mpaka Kongolo. Muimbaji wa Lubumbashi akauchukua, akauongezea gita. Kampuni moja ya pombe ikauweka kwenye tangazo la redio."

Jina lako sikulitaja, Papa. Lakini niliwaeleza siku ile ya Katanika, kambi ya wakimbizi, kwenye kilio cha yule mama aliyekimbia vita. Mulipoanza ubeti wa kwanza vijana waliangaliana, mumoja akasema, "Eh, wimbo ya pombe hii!" Wakacheka. Wewe ukashusha mukono, kwaya ikanyamaza, na yule mama akaingia udongoni bila wimbo. Niliwaambia kwamba tangu siku ile muzee haimbi.

Profesa wetu, mwanamuke mwenye nywele nyeupe, akauliza, "Alishitaki?"

"Hapana. Watu walimwambia atalipwa. Alijibu: 'Siuzi mutoto wangu.'"

Madame Rasoa, mwalimu wa Madagaska anayekaa karibu yangu, akainua mukono. "Na yeye mwenyewe alitaka nini?"

"Alitaka wasiuchezee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kaka yangu hana kaburi. Wimbo ule njo kaburi lake."

Nilikuwa nimesema kaka yangu. Rasoa akasema, "Basi utuimbie."

"Hapa?"

"Hapa."

Nikauimba, Papa. Sauti yangu si yako, lakini nilishika sauti palepale unaposhikaga: "Ee ziwa, tupe hata kofia yake, tupate cha kuzika." Hakuna aliyejua Kiswahili mule ndani. Rasoa alisimama, kisha yule wa Haiti, kisha wote, na Profesa naye. Nilipomaliza Rasoa aliniuliza jina la kaka ni nani. Nikasema, Musafiri. Akalirudia, na wengine wakalirudia kila muntu kwa ulimi wa kwao.

Baadaye Profesa alituonyesha haki mbili za mutunzi. Moja ni ya feza, inaweza kuuzwa. Ya pili ni ya utu wake, na hiyo haiuzwi: jina lake litajwe, na kazi yake isivunjiwe heshima. Hata sheria ya inchi yetu inaijua. Mimi niliisoma zamani kwa ajili ya mutihani tu. Siku ile njo niliielewa.

Profesa alitaka tuiandikie kampuni palepale. Nikakataa, nikasema barua hiyo ni ya mwenye wimbo. Lakini nilimutafuta muimbaji kwa simu. Kama nimekosea, unisamehe.

Nilimwambia, "Mimi ni binti ya mutunzi wa ule wimbo."

"Mutunzi? Ule si wimbo wa wazee wa zamani?"

Akanieleza kwamba aliusikia Kongolo, siku walipomuzika mama yake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia umetungwa na nani. Kisha akauliza polepole, "Na yule mutoto wa kwenye wimbo, alikuwa muntu wa kweli?"

"Ni kaka yangu."

Nikasikia pikipiki inapita kule kwake. Akasema, "Sikujua, Mama. Kweli sikujua."

Ameiambia kampuni kwamba wimbo si wake na kwamba anauondoa kwenye tangazo. Riziki ananiambia redio imeacha kuupiga. Lakini sitaki kukudanganya, Papa. Sheria inaweza kuzima tangazo. Kile kicheko cha Katanika sijui ni nani atakizima.

Sasa muimbaji anataka kuja Kalemie, treni ikipatikana, akae chini mbele yako. Nilimujibu kwamba mimi siwezi kumupa ruhusa hiyo. Akipiga hodi, usimufungulie kwa sababu yangu. Ukitaka kumusikiliza, musikilize. Ukitaka kumuacha inje, hakuna sheria inayokulazimisha kusamehe.

Nikirudi nitaanzisha kozi hii kwetu. Ningependa somo la kwanza liwe juu ya wimbo wako, na jina lako na la kaka yaandikwe ubaoni. Bila ruhusa yako sitafanya.

Unisalimie Mama sana, na Riziki, asichoke kusoma. Unisalimie mujane wa kaka na watoto wake, Riziki amusomee naye barua hii, kwa kuwa wimbo ni wake pia. Salamu kwa Papa katekista na wanakwaya wote wanaokungoja.

Unijibu bila haraka. Kama ni hapana, Riziki aandike neno hilo peke yake. Nitalipokea kwa mikono miwili.

Binti yako,
Mwavita