Dumu la Fortunata na Beseni Langu

Mdogo wangu Damasi,

Mimi kaka yako nina miaka themanini na mmoja. Nimezika wake wawili, wenyeviti wa kijiji sijui wangapi, na wale wote walionicheka nilipoacha milima ya Mbinga kuja kukaa kwa mwanangu huku Lituhi, eti joto la ziwani litanimaliza. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Kifua chako vipi? Kahawa imezaa? Shemeji bado anakupigia kelele? Mwache apige, ndiyo afya yako.

Mimi mzima kama chuma. Ila nilipata vita humu ndani. Lilipita gari la afya na spika juu, linahubiri kipindupindu, kwamba kunawa wote kwenye beseni moja ni kugawana uchafu, tunawe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Mkwe wangu Fortunata akalishika neno lile kama la padri. Akatundika dumu nje ya mlango, lina tundu, lina kamba mpaka kwenye kijiti chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachuruzika.

Nikakataa. Wewe unajua kwetu, beseni linaanza kwa mkubwa, wadogo wanafuata. Maisha yangu yote nimengoja kuwa wa kwanza, leo nimefika, gari linanitaka nipange foleni kwenye dumu?

Fortunata hakubishana. Akaniletea beseni langu na sahani yangu peke yangu. Watoto akawatandikia mkeka kule. Nikamwita mjukuu wangu Neema, ambaye tangu aanze kula ugali anakula sahani moja na mimi.

"Babu, gari limesema hapana."

"Gari ndilo lililokuzaa?"

"Wewe kanawe tu."

Damasi, samaki mbasa mnono yuko mbele yangu, na kooni hapiti. Ugali wa peke yako ni kama dawa. Nikavumilia, maana mimi si mtu wa kushindwa upesi. Kisha jioni moja nikainuka nikakikanyaga kile kijiti. Kwa nguvu zangu hizi, maji yote yakaishia kwenye suruali. Neema alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniletea sabuni, na tonge lake akaja kumega kwangu.

Juzi msibani kwa jirani wakaniletea beseni nianze. Nikasema, "Mkubwa hachovyi mikono. Mkubwa anamiminiwa. Leteni kopo." Wakatii wote, hata wazee waliotoka Ngumbo. Gari lilipiga kelele wiki nzima hawakusikia. Mimi neno moja.

Krismasi nakuja. Nikute dumu mlangoni kwako, maana wajukuu wa huko nao nataka kula nao.

Nisalimie shemeji, na jirani yako wa mashine ya kukoboa; mwambie bado namzidi umri.

Ukiona najisifu, muulize Fortunata, hanipendi kiasi cha kunisemea uongo. Au muulize Neema. Yeye kila jioni hunusa mikono yangu kwanza, ndipo anakaa.

Kaka yako Otmari, nimeandika mwenyewe.