Kaka Yangu Hakuteleza

Msuka, Pemba

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zako zimefika. Sisi ni wazima. Mama yako anapalilia muhogo, nami magoti yananisumbua.

Umeuliza kama yuko aliyekufa ghafla katika ukoo wetu, kwa kuwa daktari anashuku protini za misuli ya moyo wako zina kasoro ya kurithi. Mama yako alikujibu kuwa hayupo. Hakusema uongo, nilimlea akiamini hivyo.

Kaka yangu Khamis alikuwa na miaka ishirini. Tulikuwa tukichuma karafuu, yeye juu, mimi matawi ya chini.

“Weye Asha, wachuma au walala?” akanitania.

Nikainua uso nimjibu. Nikaona vidole vyake vikiliachia tawi. Halikuvunjika, naye hakupiga kelele.

Wazee walisema ameteleza. Nikanyamaza, kwani nilikuwa nimekwisha kuposwa, na nyumba inayodhaniwa ina maradhi huvunjiwa posa.

Mwambie daktari kwamba Khamis alikufa kabla ya kuanguka. Inawezekana mimi ndiye niliyekurithisha, kupitia kwa mama yako. Naye apimwe. Nitamwambia mwenyewe leo, akirudi kutoka shambani.

Bibi yako,
Asha