Karanga Zilizokaushwa kwa Jua

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya mnunuzi wa ng'ambo imefika. Nimewasomea wenzangu wa chama chetu cha akina mama, kwa kuwa katibu ni mimi. Karanga mbichi zinaingia kwao bila ushuru. Zilizokaangwa — ushuru. Zilizokaangwa na kutiwa kwenye pakiti zetu wenyewe — ushuru juu ya ushuru! Shangazi, mwenyekiti wetu, akauliza kama kinachotozwa ni moto. Nikamwambia ndivyo. Akauliza moto huo kawasha nani, wao au sisi. Mashine mpya ya kukaangia imekaa bandani, haina kazi. Tukishindwa, tunarudi kuuza magunia ya mbichi kwa bei ya kuambiwa. Shangazi kasema yeye harudi.

Jumatano, 6 Machi
Shangazi kapata dawa. Tukaange kwa moto mdogo, rangi isibadilike sana, na kwenye fomu ya forodha tuandike "zimekaushwa kwa jua." Jua halitozwi, anasema. Fundi wa mashine akathibitisha kuwa inawezekana. Alionja konzi moja kuhakikisha, kisha konzi tano za kuhakikisha ile ya kwanza. Tulicheka mpaka machozi. Aliyetia sahihi ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Makubwa. Barua mbili kwa mpigo. Jumanne anakuja bwana wa forodha kuhakikisha karanga zetu ni mbichi, ndipo atoe cheti cha msamaha wa ushuru. Alhamisi anakuja mama mkaguzi wa biashara ya haki kuhakikisha tunakaanga wenyewe, ndipo atupe nembo ya kwamba mkulima hapunjwi. Mnunuzi anataka vyote viwili, cheti na nembo. Shangazi hana wasiwasi: Jumanne tunaifunika mashine, Alhamisi tunaifunua. Tumefanya mazoezi. Funika, funua, funika. Mara ya tatu mweka hazina alijifunika yeye mwenyewe, akakaa kimya humo ndani mpaka tukamtafuta.

Jumanne, 12 Machi
Bwana wa forodha hakuja. Gari limeharibika. Atakuja Alhamisi.
Alhamisi!

Alhamisi, 14 Machi
Naandika nikiwa stoo, daftari juu ya gunia. Bado wako bandani.
Asubuhi Shangazi alimweka bwana wa forodha ofisini na mama mkaguzi bandani, mimi nikawa mpeleka chai. Ofisini Shangazi anaapa kuwa kuwasha mashine tu hatujui. Bandani anasema tumezaliwa tukikaanga. Mbavu ziliniuma kwa kuzuia kicheko. Kisha mama mkaguzi akaomba kuiona mashine ikifanya kazi. Ikawashwa. Harufu ya karanga nayo haina siri. Bwana wa forodha aliifuata, kikombe mkononi, mpaka mlangoni mwa banda.
Akachukua karanga moja, akatafuna. Akachukua nyingine. Mama mkaguzi, kwa furaha tele, akamwambia yeye hajawahi kuonja karanga zilizokaangwa vizuri kama hizi, na kwamba akina mama hawa wanastahili nembo. Bwana wa forodha akafungua fomu, akasoma kwa sauti: "Zimekaushwa kwa jua." Akauliza sahihi hii ni ya nani.
Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa sukari imeisha, nikajitosa stoo. Aibu yangu.
Namsikia Shangazi. Anasema sahihi ni yake. Wazo lake, fomu yake, wenzake wasiguswe. Bwana yule hana ukali hata kidogo. Kamwomba atie sahihi nyingine pembeni, apate kulinganisha, na kalamu kampa yeye mwenyewe.
Nachungulia kwenye ufa wa mlango. Shangazi yangu hajui kuandika hata jina lake. Kutoka hapa hadi alipo ni hatua sita. Kaikamata kalamu kwa ngumi, kainamia fomu, anachora polepole, wala hainui macho kunitafuta.