Batri Aliyoninunulia Yaya

Jumatano, 5 Machi

Mayai nimegeuza asubuhi, mchana na jioni. Joto liko sawa. Umeme umekwenda na kurudi, kama kawaida ya mtaa wetu wa Manika. Mama anasali rozari yake karibu na couveuse, mashine ya kuangulia vifaranga. Anasema taa yake ndogo nyekundu inamtuliza.

Jioni yaya Mutombo, kaka yangu mkubwa, ameleta batri. Nilimwambia nataka kwenda kuchagua mwenyewe. Nilimwambia mbele ya Mama. Akacheka. "Weye bintu bya batri utabijulia wapi?" Akachukua pesa zangu, akaenda peke yake. Amekuwa hivi tangu bwana yangu afariki. Ameiunga kwenye ile plaque ya jua, paneli iliyoko juu ya paa, akajipangusa mikono, akala, akaondoka na camion yake, lori la mizigo. Kwenye batri kuna karatasi mpya yenye picha ya jua.

Nimeudhika. Lakini batri ipo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Umeme ulikuwepo. Sina la kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Umeme ulikatika mchana. Couveuse ikahamia kwenye batri, nikashangilia peke yangu kama mjinga. Mama alikuwa ameweka sombe, majani ya muhogo, motoni. Sombe haijaiva, convertisseur, kisanduku kinachogeuza nguvu ya batri kuwa umeme wa nyumba, ikaanza kulia, ikazima. Batri mpya. Sombe haijaiva.

Tulizungusha mablanketi. Tulijaza chupa maji ya moto tukazipanga ndani, katikati ya mayai. Umeme ulirudi jua likizama.

Mara ya kwanza mayai yote yalikufa hivi hivi. Nilifungua moja baada ya jingine, ndani vifaranga vimejikunja na manyoya yao. Sitaki kuona tena kitu kile. Haya nimeyatoa Lubudi mwenyewe, kwa mfugaji aliye na kuku wa mbegu ninayoitaka. Ameshauza majogoo. Anahama. Mengine hayapo. Na couveuse ni pikipiki ya marehemu bwana yangu niliyoiuza. Pikipiki nyingine pia haipo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimemkuta yaya nje ya kanisa. Nikamweleza. Amesema kosa ni la convertisseur. Halafu akasema kosa ni langu, nafungua couveuse kila saa kuchungulia. Amesema kwa sauti, watu wanapita. Mama akaitikia kwa kichwa.

Sifungui kila saa. Mama anajua sifungui kila saa.

Nimekula chakula peke yangu uani.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Béa wa nyumba ya pili amekuja kuangalia. Anauza vinywaji baridi, friji yake inakwenda kwa jua mwaka wa pili sasa. Ameinama, akaishika batri kwa vishikio vyake, akaiinua kidogo, akairudisha chini. Akaniangalia.

"Mama Kapinga, nani alikuuzia hii?"

Nikasema yaya ndiye aliyenunua. Akaingiza kucha chini ya ile karatasi ya jua, akaibandua polepole. Chini kuna karatasi nyingine. Picha ya camion.

Amenieleza bila haraka. Batri ya kuwashia gari inatoa nguvu zake zote kwa mara moja, injini ikishika kazi imekwisha. Ukiidai ikae inatoa kidogo kidogo muda mrefu, inachoka, na ukiimaliza mara kadhaa inakufa kabisa. Ya jua, ya kukaa, ni nyingine. Sahani zake za ndani ni nene.

Yaya ametapeliwa, nilimwambia. Mama Béa akasema labda.

Nimeibandua na ile karatasi ya pili, nimeziweka zote mbili.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa muuza batri, Tata Kasongo, nyuma ya soko, ndiko yaya alikonunua. Nimeingia na karatasi mbili mkononi. Nilianza kusema nikiwa bado mlangoni.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Mama, mi sikumudanganya yaya yako. Nilimwambia ile ni ya camion. Njo yeye mwenyewe alisema nibandike karatasi ya solaire. Asema mudogo yake hatajua."

Nikauliza kwa nini.

"Juu camion yake inazimaka. Asema batri ikae kwenu kidogo, mayai ikitoka, ataichukua."

Ndugu yangu wa tumbo moja. Kwa pesa zangu.

Nimerudi kwa miguu. Pikipiki zote zilisimama kuniuliza kama nakwenda, nikazipita. Ningekuwa na kitu cha kuvunjika mkononi pale dukani ningekivunja. Na huyo Kasongo naye, anayasema kama mtu anayesoma hali ya hewa. Nani alibandika? Mkono wake ulibandika.

Sijamwambia Mama.

Jumatano, 12 Machi

Namchukia.

Alhamisi, 13 Machi

Yaya amekuja akataka maji ya kunywa. Nimeweka zile karatasi mbili mezani badala ya kikombe.

Hakukana. Hilo ndilo limeniumiza kuliko yote, hata hakuhangaika kukana.

"Sasa nini? Mayai yako bado iko. Camion ikikufa, nani atakuletea bintu toka Lubudi? Ile camion inakulisha na weye."

"Ungeniomba," nilimwambia. "Ungeniomba hata nikakukatalia."

"Weye ni mudogo yangu. Mi siombake kwa mudogo."

Mama aliketi kati yetu. Alilia. Kisha akaniambia mimi, si yeye, nishushe sauti. Nikamwambia Mama pia maneno ambayo sitayaandika hapa. Yaya akasema atarudi kuchukua batri mayai yakishatoka. Kama vile tumekubaliana.

Ijumaa, 14 Machi

Umeme haukuwepo kuanzia asubuhi. Batri haikufika popote. Tumewasha mbabula, jiko la makaa, sebuleni, dirisha wazi, makaa yakaisha, nikaazima kwa Mama Béa. Chupa za maji ya moto tena. Mama amechota, amechemsha, amebeba. Hatuzungumzi.

Nimemulika mayai kwa simu. Mengine ndani ni giza tupu na hakuna kinachosogea. Nimeyatoa. Mengine mishipa bado inaonekana, nyekundu, na kitu kinashtuka ukigusa ganda.

Yale yaliyokufa yamekufa kwa ajili ya camion ya mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeshinda dukani kwa Tata Kasongo. Nimebeba batri ya yaya kwa pikipiki ya kukodi. Nimebeba taa ya mbele ya gari niliyoazima gereji. Nimemwambia anabadilisha, na ninachagua mimi, na siondoki.

Alisema hawezi. Nikavuta kiti nikaketi mlangoni, mahali ambapo kila mteja lazima anipite. Wa kwanza akauliza kuna nini. Nikamwambia. Nikamwonyesha karatasi ya jua na karatasi ya camion. Wa pili naye akauliza. Nikamwambia vilevile, hata neno sikupunguza. Yule wa tatu aliondoka bila kununua. Tata Kasongo akajifuta jasho, akasema, "Mama, ingia. Chagua."

Ya kwanza niliinyanyua kwa mkono mmoja. Mama Béa aliniambia nzuri lazima imuumize mtu mgongo. Niliirudisha.

Ya pili nzito, namba iliyoandikwa ubavuni kubwa kuliko zote. Akaisifu sana. Tarehe ya kiwandani ilikuwa imepigwa kwenye kifuniko, nikaitafuta chini ya vumbi. Imekaa rafuni tangu masika ya mwaka juzi bila mtu kuijaza. Nikasema tuiwashie taa. Ikawaka vizuri. Kabla ya watu kwenda kula mwanga ulikuwa wa manjano.

Ya tatu namba yake ndogo. Imefungwa kabisa, haiongezwi maji. Nikaihamishia taa. Nikakaa. Yeye akauza vitu vyake, mimi nikaitazama taa. Nje camion za madini zinapita zimejaa. Kule mtaa wa Kasulo watu wamechimba mpaka chini ya vitanda vyao, na kinachotoka kinakwenda kutengeneza batri za watu wa mbali. Mimi nimeketi Kolwezi kutwa nzima natafuta moja ya kupasha mayai joto. Nilicheka peke yangu. Haikuwa kicheko kizuri.

Alipoanza kushusha milango taa ilikuwa vilevile.

Batri ya yaya haikufikia thamani ya hii ya tatu. Nimeongeza pagne yangu ya Pasaka, kitenge ambacho bado kimekunjwa. Tata Kasongo aliipokea bila kuniangalia. Akasema nisiishushe chini ya nusu, itanidumu. Nikamwambia hilo najua tayari.

Jumatatu, 17 Machi

Umeme ulikatika saa nyingi. Couveuse haikujua.

Mama amenisemesha kwanza. Ameuliza kama nataka chai.

Jumatano, 19 Machi

Yaya amekuja na ufunguo wa kufungulia batri mkononi. Hakusubiri mayai yatoke, camion imekataa kuwaka. Ameinama, akaona batri si ile.

"Iko wapi?"

"Imerudi dukani."

Amesimama na ule ufunguo. Kisha amepiga kelele, majirani wamesikia wote. Mimi mwizi. Mimi sina heshima. Marehemu bwana yangu aliniharibu. Nilikuwa nimeandaa majibu tangu siku ile ya Jumanne, majibu mazuri, na sikutumia hata moja. Mama ndiye aliyesimama.

"Mutombo, toka. Mutoto yangu anafanya kazi humu."

Ametoka. Mama ameketi, mkono kifuani, nimemletea maji.

Bado nina hasira naye. Nina hasira na Kasongo. Nina hasira na watu wa umeme. Sijui niziweke wapi zote.

Ijumaa, 21 Machi

Sigeuzi tena mayai. Yameachwa yatulie. Nimeongeza maji kwenye sinia ili ganda lisikauke. Mvua tangu alfajiri, plaque haipati jua, umeme hakuna. Nimekwenda kuangalia kipimo cha batri mara nyingi mno. Kimeshuka polepole, kama mtu mzima anayeshuka ngazi. Hakijafika nusu. Umeme umerudi.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda misa. Mama amekwenda, amesali na kwa ajili ya yaya, ameniambia mwenyewe. Sawa.

Ukiweka sikio kwenye couveuse unasikia kitu kama mtu anayegonga kucha kwenye sahani.

Jumanne, 25 Machi

Vifaranga vimetoka. Si vyote. Zaidi ya nusu ya mayai niliyobakiwa nayo. Kimoja mguu umepinda, Mama amekifunga kwa uzi, kinasimama kinaanguka.

Mchana yaya alisimama kwenye lango. Hakuingia. Alikuja kwa miguu.

"Bametoka?"

"Bametoka."

Alitazama upande wa dirisha ingawa kutoka pale huwezi kuona kitu. Alisema amepata batri ya kukopa, kesho anashuka Lubudi kupakia. Kule pumba za mahindi za kulishia vifaranga zipo. Nilijua anangoja niombe.

Sikuomba. Nilishika lango mpaka akaangalia chini.

"Nikuletee?" akauliza.

"Lete."

Akaenda. Sijamsamehe. Pumba ninazihitaji.

Vichache bado vina maji mgongoni. Nimevirudisha kwenye joto, nimefunga kifuniko. Mama amelala kwenye kiti.